Jicho lililotoboka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzuia maambukizi ya bakteria

Ukurasa huu ni wa majeruhi na jamaa zao walioko Unguja na Pemba. Baadhi ya majibu, hasa ya dozi za dawa, yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa vituo vya afya wanaompokea mgonjwa kabla hajafika kwa daktari wa macho. Ikiwa jeraha limetokea sasa hivi, soma majibu mawili ya mwanzo na uondoke. Mengine utayasoma njiani.

Jicho limechomwa na kitu dakika hii. Tuanze na nini?

Tuanze na kutoligusa. Usilikande, usilifute, usiibinue kope kutazama kilichomo, na mgonjwa mwenyewe azuiwe kulisugua. Kitu kilichochoma kama bado kimo, iwe mwiba, ndoana, kijiti au kipande cha chuma, kiacheni hapo hapo kilipo. Pengine ndicho kilichoziba tundu, na kukichomoa ni kulifungua jicho likamwaga vilivyomo.

Kisha lifunikeni kwa kitu kigumu kisichogusa kope. Hospitali huwa na ngao maalumu ya plastiki au bati lenye matundu. Nyumbani, kitako cha kikombe cha karatasi kilichokatwa kwa urefu wa vidole viwili kinatosha. Ukikata chupa ya maji ya plastiki, zungushia plasta kwenye ukingo wake kwanza maana hukata ngozi. Ukingo ukae juu ya mfupa wa nyusi na mfupa wa shavu, pasiwe na uzito wowote juu ya jicho lenyewe. Bandika plasta mbili za mshazari kutoka kipajini hadi shavuni. Kama kuna kitu kimechomoza, tumia kikombe kirefu zaidi ili kisiguswe.

Chini ya ngao usiweke pamba wala shashi. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kuliko yote, na hufanywa kwa nia njema: jicho linafungwa bandeji ya kubana kama kidonda cha mguu. Jicho lililotoboka halibanwi. Likibanwa, ute wa ndani na irisi (ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni) hujipenyeza nje kupitia tundu, na kile kilichotoka huwa utambi wa kupitishia bakteria kurudi ndani.

Mgonjwa alazwe kichwa kikiwa juu, mito miwili hivi, asiinamie mbele, asinyanyue kitu. Asile. Mtafutieni usafiri.

Hata kuliosha kwa maji safi hapana?

Hapana, ila kwa sharti moja: kama kilichoingia ni kemikali. Chokaa, saruji mbichi, maji ya betri na dawa za kusafishia vyoo huendelea kuunguza kila sekunde, kwa hiyo hapo hapo jicho lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka polepole kwa dakika 30 bila kukatisha. Chokaa hung'ang'ania chini ya kope kwa chembe ngumu, na fundi aliyekuwa akipaka ukuta anaweza kuosha nusu saa huku chembe moja imejificha juu ikiendelea kuunguza. Kama jicho limetoboka na pia limeingiwa na chokaa, lioshe, ila maji yamiminwe taratibu kutoka pembeni, bila kulibonyeza na bila bomba lenye nguvu.

Jicho lililochomwa na kitu kikavu halihitaji kuoshwa. Maji yanaingiza uchafu wa kope ndani ya tundu. Maji ya bahari ndiyo mabaya zaidi: wavuvi wengi hujipangusa nayo wakidhani chumvi inaua vijidudu, kumbe bahari ina bakteria wake, wakiwemo jamii ya Vibrio.

Nitajuaje limetoboka na si mchubuko wa juu juu?

Kwa uhakika, huwezi kujua nyumbani. Ila zipo dalili ambazo hata moja tu inatosha kulihesabu jicho limetoboka mpaka daktari aseme vingine:

- mboni haiko duara, imevutika upande mmoja kama tone la maji;
- kitu cha rangi ya kahawia au cheusi kimechomoza kwenye kioo cha mbele au kwenye weupe wa jicho (hiyo ni irisi au tabaka la ndani, si takataka; usijaribu kuipangusa);
- damu imetuama mbele ya mboni;
- weupe wa jicho umevimba na kujaa damu pande zote;
- jicho limenywea kuliko la pili, au maji ya moto moto yalichuruzika ghafla wakati wa ajali.

Kituoni, karatasi ya fluoreseni husaidia: rangi ikichirizika kama kijito kutoka kwenye kidonda, maji ya ndani yanavuja. Lakini kipimo hiki kifanywe tu pale ambapo jicho halijaonekana wazi kuwa limepasuka.

Angalieni sana habari ya chembe za chuma. Mtu anapiga patasi au anavunja jiwe kwa nyundo, anahisi kitu kidogo kimempiga, maumivu yanapoa baada ya dakika chache, anaona vizuri, anarudi kazini. Chembe ndogo inayoruka kwa kasi huingia kwa tundu dogo linalojifunga lenyewe. Swali la kumuuliza mgonjwa si "unaona?" bali "ulikuwa ukifanya nini?" Akijibu kuwa alikuwa akigonga chuma kwa chuma au akitumia grainda, apigwe picha, hata kama jicho linaonekana jeupe.

Kidonda cha mkono nakiacha siku mbili kinapona. Kwa nini jicho liwe na haraka hivi?

Sehemu kubwa ya ndani ya jicho imejaa ute usio na mshipa hata mmoja wa damu. Mkononi, bakteria wakiingia, chembe nyeupe za damu hufika ndani ya saa chache. Kwenye ute huo huchelewa, na huko nyuma bakteria wanastawi kama waliotiwa kwenye supu ya vuguvugu. Sumu zao zinafika kwenye retina, lile tabaka la nyuma linalopokea mwanga, na retina ikishakufa haioti tena. Maambukizi haya ya ndani ya jicho huitwa endofthalmitisi. Humpata mgonjwa mmoja mmoja tu kati ya wengi wenye majeraha ya kutoboka, lakini asilimia hupanda sana pale penye udongo, penye kitu kilichobaki ndani, penye lenzi iliyopasuka, au pale kidonda kilipokaa zaidi ya saa 24 bila kushonwa.

Katika hayo manne, matatu hayabadiliki: yametokea, yametokea. La nne ndilo lililo mikononi mwetu.

Ni bakteria gani hasa?

Wengi ni wa kawaida kabisa, Staphylococcus wanaokaa kwenye kope na ngozi ya kila mtu. Hao husababisha ugonjwa wa polepole na jicho mara nyingi huokolewa. Kwa watoto Streptococcus huonekana zaidi, na ni wakali.

Anayeogopwa ni Bacillus cereus. Huyu anaishi kwenye udongo. Jicho lililochomwa na jembe, mwiba ulioanguka chini, kigingi cha mwani kilichochomolewa mchangani au chembe ya chuma yenye vumbi linaweza kumbeba. Akiingia, jicho huweza kupotea ndani ya saa 24 hadi 48: maumivu makali, kope kuvimba, kioo cha mbele kuwa cheupe kwa duara, na hata homa, jambo ambalo bakteria wengine wa jicho hawana kawaida ya kulileta. Ana tabia moja ambayo kila muhudumu wa kituo aijue: ampisilini, amoksilini na sefalosporini kama ceftriaxone hazimfanyi kitu, kwa sababu hutoa kimeng'enya kinachozivunja. Vancomycin, clindamycin na ciprofloxacin ndizo zinazompata.

Majeraha ya miti, kama kitawi cha mkarafuu, njiti ya kuti au kijiti cha ufagio, yana hatari ya ziada ya fangasi. Fangasi hachukui saa, huchukua wiki. Mchumaji aliyechomwa na tawi, akashonwa, akaonekana amepona, kisha jicho likaanza kuwa jekundu wiki ya tatu, asipewe matone mengine ya bakteria na kurudishwa nyumbani. Arudi kwa daktari wa macho, na aseme wazi kuwa alichomwa na mti.

Duka la dawa lipo karibu. Si ninunue matone kwanza?

Matone hayafiki mahali penye hatari. Dawa iliyotiwa juu ya jicho hutibu uso wake. Kiasi kinachofika kwenye ute wa nyuma ni kidogo mno kuua chochote. Tena matone mengi yana kihifadhi ndani yake, na kihifadhi hicho kikiingia kupitia tundu kinaumiza tabaka la ndani la konea, yaani kile kioo cha mbele. Dawa ya mafuta, ile ya tyubu, ni mbaya zaidi: huingia ndani ya jicho ikaelea humo, na daktari haoni kitu wakati wa kushona.

Matone yenye dexamethasone au prednisolone, ambayo huuzwa kirahisi kwa jina la "dawa ya wekundu", hupunguza wekundu na maumivu huku yakizima ulinzi wa mwili. Mgonjwa anadhani amepona. Ni dawa nzuri kwa wakati wake, na wakati wake ni baada ya kushonwa, chini ya macho ya daktari.

Maziwa ya mama, asali, maji ya majani, wanja?

Hakuna hata kimoja. Maziwa ni chakula cha vijidudu, asali huweza kubeba vijidudu vyake, majani yana fangasi, na wanja huacha unga mweusi ndani ya kidonda. Kama kimeshatiwa, mwambieni daktari bila kuona haya. Habari hiyo hubadilisha dawa atakayoichagua.

Tuna saa ngapi?

Lengo ni jicho liwe limeshonwa ndani ya saa 24 tangu kuumia, na penye udongo au chuma ndani, mapema kuliko hapo. Aliyechelewa naye aje. Kuchelewa siku mbili si sababu ya kukaa nyumbani siku ya tatu.

Kutoka shamba la Unguja, kituo cha afya cha karibu kazi yake ni ngao, sindano ya kwanza, barua ya rufaa na usafiri wa kwenda Mnazi Mmoja. Kutoka Micheweni au Wete, pigeni simu kwanza kwenye hospitali mnayoiendea muulize kama kuna mtu wa kushona jicho siku hiyo. Simu ya dakika tano imeokoa safari nyingi za bure. Jibu likiwa hapana, msimlaze usiku kucha akisubiri. Pangeni Unguja au Dar es Salaam moja kwa moja.

Kwa wahudumu: antibaotiki zipi, kiasi gani, na lini?

Saa ileile mgonjwa anapofika, kabla ya rufaa. Msisubiri kipimo cha maabara wala daktari wa macho.

Mpango uliozoeleka zaidi ni wa mshipa kwa saa 48: vancomycin miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 12, pamoja na ceftazidime gramu 2 kila baada ya saa 8 kwa mtu mzima. Hospitali ya macho ya Massachusetts, Marekani, iliyofuata utaratibu wa saa 48 za dripu kwa wagonjwa wake wote wa jicho lililopasuka, iliripoti maambukizi chini ya asilimia 1. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 900 za vancomycin. Kivitendo hupewa gramu 1.

Mambo yanayoharibika hapa ni haya. Vancomycin ikimiminwa haraka, mgonjwa hugeuka mwekundu usoni na shingoni, huwashwa, presha hushuka. Si mzio wa kweli, ni kasi. Changanya gramu 1 kwenye mililita 200 au zaidi za maji ya chumvi na iende kwa saa nzima isiyopungua. La pili: vancomycin na ceftazidime zikikutana kwenye bomba au mrija mmoja huganda na kuwa chembe nyeupe. Ikimaliza ya kwanza, suuza mrija kwa maji ya chumvi ndipo uingize ya pili. Mwenye ugonjwa wa figo apunguziwe kwa hesabu ya daktari, ila dozi ya kwanza isicheleweshwe kwa ajili hiyo.

Vituo vingi havina dawa hizo mbili. Njia ya pili ni ya vidonge vya jamii ya fluorokwinoloni, ambavyo hupenya hadi ndani ya jicho kuliko vidonge vingine: moxifloxacin miligramu 400 mara moja kwa siku, au levofloxacin miligramu 500 mara moja, au ciprofloxacin miligramu 750 mara mbili. Mgonjwa anayesubiri upasuaji anaweza kukimeza kwa funda moja la maji. Visimezwe pamoja na dawa ya kiungulia, vidonge vya madini ya chuma au maziwa, maana hushikana tumboni na dawa haifiki kwenye damu. Kwa ciprofloxacin acha saa 2 kabla au saa 6 baada ya vitu hivyo, kwa moxifloxacin saa 4 kabla au saa 8 baada. Mwenye matatizo ya mapigo ya moyo asipewe moxifloxacin bila kuulizwa daktari.

Na kama kabatini kuna ceftriaxone tu? Mpe gramu 2 za mshipa, usiichanganye na Ringer lactate kwa sababu ya kalisi iliyomo, na umwongezee ciprofloxacin ya kidonge ili Bacillus naye apate wa kupambana naye. Si mpango bora. Ni bora mara nyingi kuliko kumpakia garini bila kitu.

Mzio mkali wa penisilini, ule wa kuvimba koo au kuzimia: ruka sefalosporini, tumia fluorokwinoloni, pamoja na vancomycin ikiwepo.

Amoksilini peke yake, "Septrin" peke yake, sindano ya penisilini peke yake: hizi tunaziona kwenye barua za rufaa, na kwa jicho lililotoboka ni sawa na kutompa kitu.

Je, kuna sindano ya ndani ya jicho?

Ipo, na hutolewa na daktari wa macho chumba cha upasuaji, baada ya kidonda kufungwa, kwa wale walio katika hatari kubwa: kitu kimebaki ndani, udongo umeingia, lenzi imepasuka, au wamechelewa. Kiasi ni kidogo mno: vancomycin miligramu 1 katika mililita 0.1, na ceftazidime miligramu 2.25 katika mililita 0.1, kila moja kwa bomba lake. Gentamicin haitumiki tena hivi hivi kwa kuwa kosa dogo la kupima huua katikati ya retina, pale tunapotumia kusomea. Kazi ya kupunguza makali ya dawa hizi ifanywe na watu wawili, mmoja akisoma hesabu kwa sauti.

Pepopunda je?

Jeraha la jicho ni jeraha kama jingine. Kidonda kichafu na chanjo ya mwisho imepita miaka 5: mililita 0.5 za chanjo kwenye msuli wa bega. Kidonda safi: miaka 10. Wanawake waliohudhuria kliniki ya uzazi mara nyingi wana kadi. Wanaume wazima wengi hawakumbuki kabisa. Asiyekumbuka achanjwe, na kama kidonda ni kichafu na hakuwahi kumaliza chanjo za mwanzo, aongezewe kinga ya tayari (immunoglobulini ya pepopunda) uniti 250.

Kutapika kuna uhusiano gani na maambukizi?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na kwa visiwani ni suala la kila rufaa. Mtu anapotapika, presha ya kichwani na machoni hupanda kwa ghafla, jicho lililo wazi husukuma vilivyomo nje. Akienda boti ya Dar es Salaam siku ya kusi, karibu saa mbili za mawimbi zinaweza kuharibu zaidi ya ajali yenyewe.

Kwa hiyo: promethazine miligramu 25 saa moja kabla ya kupanda, kwa mtu mzima. Metoclopramide ni nzuri kwa kichefuchefu cha maumivu lakini kwa ugonjwa wa bahari haisaidii sana. Ondansetron miligramu 4 hadi 8 ya mshipa iwe tayari kwa anayesafiri na muuguzi. Akae katikati ya boti, daraja la chini, kichwa kimeegemezwa nyuma, jicho zima limefumbwa. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli gramu 1 kila saa 6. Aspirini na diclofenac ziachwe kwa sababu ya damu. Kikohozi nacho kitulizwe.

Ndege kutoka Pemba ni fupi na kwa jicho hili mara nyingi ni bora kuliko boti. Tahadhari ya ndege ni ya kurudi: mgonjwa aliyewekewa gesi ndani ya jicho wakati wa upasuaji wa retina hapandi ndege mpaka daktari aseme gesi imeisha. Angani gesi hutanuka, jicho likajaa presha na kupofuka. Huyo arudi kwa boti.

Kwa nini mnamnyima chakula mtu mwenye maumivu?

Kwa sababu ya dawa ya usingizi. Chakula kikome saa 6 kabla ya upasuaji, maji meupe saa 2 kabla. Akila njiani chipsi mishikaki, upasuaji unasogea saa sita mbele, na saa hizo ni za bakteria. Andikeni kwenye barua saa aliyokula mara ya mwisho. Mgonjwa wa kisukari awekewe dripu na sukari yake ipimwe.

Picha gani inahitajika?

CT ya macho yenye vipande vyembamba vya milimita 1, bila dawa ya mshipa. Pasipo na CT, eksirei mbili za fuvu, mbele na ubavuni, zinaonesha chuma ingawa mti na plastiki hazionekani. MRI ni marufuku mpaka ithibitike hakuna chuma: sumaku yake huivuta chembe ikapasua jicho kwa ndani. Ultrasaundi ya kugusa kope isifanywe kabla ya kushona.

Mtoto amedonolewa na kuku, tundu halionekani.

Apelekwe. Mdomo wa kuku hutoboa kwa tundu jembamba na hubeba uchafu wa uwanjani. Hivyo hivyo manati, kalamu ya skuli, mwiba na fataki za sikukuu. Mtoto anayelia huku kope zinabinuliwa kwa nguvu anabana misuli yote na kulikamua jicho lake. Kama hakubali, acha, mwekee ngao, achunguzwe akiwa amelala kwa dawa. Ceftazidime kwake ni miligramu 50 kwa kilo kila saa 8, isizidi gramu 2 kwa mara moja. Vipindi vya vancomycin hupangwa na daktari kulingana na umri. Watoto hawasemi jicho linapopoteza nuru. Anayeficha jicho zima kwa kiganja akaanza kupapasa, huyo haoni kwa lile jingine.

Ameshashonwa. Nyumbani tufanye nini?

Kwa kawaida mgonjwa hutoka na matone ya antibaotiki mara 4 hadi 6 kwa siku, prednisolone ya matone na atropine ya kutuliza misuli ya ndani. Osha mikono kwa sabuni hadi kwenye vifundo vya mikono. Mgonjwa aangalie juu, vuta kope ya chini kwa kidole kilichokaa juu ya mfupa wa shavu, si juu ya jicho. Tone moja, ncha ya chupa isiguse kope wala unywele wa kope, maana ikigusa chupa nzima imeshachafuka. Kati ya dawa na dawa ngoja dakika 5. Chupa iandikwe tarehe ya kufunguliwa, na baada ya siku 28 itupwe hata kama imebaki nusu. Chupa moja kwa mtu mmoja, na msiyatie jicho la pili "kwa kinga".

Ngao ivaliwe kila akilala kwa wiki kadhaa. Bahari, kisima na bwawa: hapana kwa mwezi wa mwanzo angalau. Moshi wa kuni na vumbi la barabarani vikwepwe. Kurudi kliniki ni siku ya pili yake, kisha kama alivyoandikiwa. Anayetoka Pemba kuja kushonwa Unguja afikie kwa jamaa wa karibu siku za mwanzo, asirudi siku ileile.

Swala na funga?

Kwa upande wa jicho: kusujudu na kuinama kunapandisha presha, kwa hivyo wiki za mwanzo swali umekaa kwenye kiti, na rukuu na sijida iwe kwa ishara ndogo ya kichwa. Maji ya udhu yasiingie jichoni. Pangusa uso kando ya ngao. Namna ya kuutimiza udhu huo ni suala la kumuuliza sheikh, na jibu lake lipo tangu zamani kwa mwenye jeraha. Mwezi wa Ramadhani, matone ya macho kwa madhehebu ya Shafi hayafunguzi. Vidonge vinafunguza, na mgonjwa ana ruhusa yake. Asiviache vidonge vya antibaotiki mpaka magharibi kama ameandikiwa vya kila saa 12 au 8.

Dalili gani zinatufanya turudi usiku uleule?

Maumivu yanayoongezeka baada ya kuwa yamepungua. Nuru inayofifia. Kope kuvimba upya. Mstari mweupe uliotuama chini, mbele ya irisi: huo ni usaha. Msisubiri zamu ya kliniki ya asubuhi. Kwa Bacillus asubuhi ni mbali.

Maambukizi yakiwa yameshaingia, jicho limekwisha?

Si lazima. Daktari huchukua ute kidogo kwa maabara, huchoma dawa ndani ya jicho, na penye uwezo mgonjwa hupelekwa kwa upasuaji wa kuondoa ute wote, kwenye hospitali kama CCBRT au Muhimbili za Dar es Salaam. Matokeo hutegemea aina ya bakteria na saa aliyofika.

Na jicho la pili, halitaambukizwa?

Bakteria hawavuki. Kuna ugonjwa mwingine, nadra, ambapo mwili wenyewe hulishambulia hata jicho lisiloumia, mara nyingi kati ya wiki 2 na miezi 3 baada ya ajali, ingawa huweza kuja hata baada ya miaka. Jicho zima likianza kuogopa mwanga au kuona ukungu, rudi upesi. Hutibika likiwahiwa.

Miwani ya jua inatosha kazini?

Haitoshi, na ya kioo ni khatari zaidi kwani hupasuka ikaingia jichoni. Inayotakiwa ni ya polikabonati yenye kinga za pembeni, kwa wanaovunja kokoto, wanaotumia grainda, mafundi wa majahazi na wanaofua nazi. Mafundi watazame pia vichwa vya patasi na tindo zao: kichwa kilichochanua kwa kupigwa ndicho kinachorusha chembe. Kisageni mpaka ukingo uwe laini kabla ya kukipiga tena, na anayesaga avae miwani hiyo hiyo.